Mama Mstari na Dirisha Lililopigiliwa Misumari

Habari za asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Aliye na kiti akae. Aliye kazini aendelee na kazi yake, lakini atege sikio, maana habari ya leo inatoka huko huko kazini.

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, alifariki mwanamke mmoja mchora ramani. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Alifia nyumbani, kitandani kwake, mumewe akiwa amemshika mguu. Sikukosea, nimesema mguu. Mikono alikataa isishikwe. Alisema bado ana kazi nayo.

Alikufa kwa saratani ya mapafu. Sasa sikilizeni hili mapema, kwa sababu mwenyewe alitaka lisikike mapema: hakuwahi kuvuta sigara. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Mwanamke huyu hakuwahi kuvuta sigara hata moja, wala kiko, wala kuonja kwa utani.

"Kila atakayekuja kunililia atajiuliza kimoyomoyo kama nilikuwa navuta," alimwambia binti yake wiki mbili kabla ya kufa. "Wewe mjibu kabla hajafungua mdomo."

Basi tumeshajibu. Sasa tumsimulie.

Kazini walimwita Mama Mstari. Jina hilo alilipata kwa haki. Aliweza kuchora mstari mrefu kama mkono wa mtu mzima, bila rula, ukanyooka kama uzi uliofungiwa jiwe. Wenzake wa mwanzo hawakuamini. Wakaja na rula zao kupima. Wakapima, wakatazamana, wakarudi kwenye meza zao bila kuaga.

Ufundi ule aliurithi kwa baba yake, mchora mabango ya maduka. Baba alimfundisha akiwa na miaka tisa. Alimwambia, "Mwanangu, mkono hautetemeki wenyewe. Pumzi ndiyo inayoutetemesha. Vuta pumzi, ishike, chora mpaka mwisho, ndipo uiachie." Bango lake la kwanza lilikuwa la fundi wa mbao. Aliandika SERAMALA badala ya SEREMALA. Lakini herufi zilikuwa zimesimama vizuri kiasi kwamba mwenye duka alikataa zifutwe. Alisema wateja wake waje kwa meza na vitanda, kusoma wakasome shuleni.

Pumzi, wasikilizaji wapendwa. Kazi yake ilikuwa ya pumzi.

Alipofikisha miaka ishirini na mmoja aliajiriwa kwenye ofisi ya upimaji ardhi, kwenye chumba cha wachora ramani. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili. Kilikuwa na meza nane za mlalo, taa nane za kuinamisha shingo, na madirisha manne. Wapima ardhi walirudi kutoka maporini na vitabu vyao vya namba, na wale wanane wakazigeuza namba kuwa mito, barabara na mipaka. Walichora kwa wino mweusi, kwenye karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga. Karatasi zile ni nyepesi. Upepo ukipita, zinaruka. Kwa hiyo chumba kilikuwa na sheria moja tu: dirisha halifunguliwi.

Meza zilikuwa nane. Makopo ya majivu yalikuwa saba. Meza ya nane ilikuwa ya kwake, na kopo lake aliliwekea pini.

Mkuu wa chumba walimwita Mzee Kiko. Hakuonekana bila kiko mdomoni, na kiko kikipoa aliwasha sigara kukisubiri. Tusimseme vibaya, maana marehemu mwenyewe hakumsema vibaya. Mzee Kiko ndiye aliyemfundisha kuandika majina ya mito. "Binti yangu," alimwambia, "milima isimamishe wima, lakini jina la mto lilaze kidogo. Maji yanainama, na herufi zake ziiname." Siku baba yake alipofariki, Mzee Kiko alimpeleka nyumbani kwa gari lake mwenyewe, akakaa naye msibani siku nzima. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa mtu mwema, na alijaza chumba moshi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni.

Mama Mstari alirudi nyumbani akinuka kama jiko la kuni mbichi. Mama mkwe alinusa kitambaa chake cha kichwa, akamwita mwanawe pembeni. "Mwanangu, mke uliyetuletea anavuta."

"Havuti, mama."

"Pua yangu ina miaka hamsini na minane. Wewe macho yako yana miezi minne ya ndoa. Tumwamini nani?"

Mwanawe, yaani mume wa marehemu, ni fundi wa saa. Ni mtu mpole, wa maneno machache. Hakubishana. Siku ya pili alimchukua mama yake, akampandisha ngazi mpaka ghorofa ya pili, akamfungulia mlango wa chumba cha ramani. Bibi alichungulia. Akakohoa, akafumba macho, akashuka ngazi. Alipofika chini alisema, "Mkwe wangu anisamehe. Lakini huyo mtoto mtoeni humo."

Hawakumtoa. Kazi ilikuwa nzuri, na yeye aliipenda kuliko chakula. Akapata mimba akiwa humo. Binti yake alizaliwa mdogo mno, kilo mbili kasoro. Muuguzi akamuuliza, "Mama, unavuta sigara?" Akajibu, "Sivuti." Muuguzi akamtazama, akanusa, akaandika alichoandika.

Kikohozi kilianza polepole. Kwanza asubuhi tu. Kisha asubuhi na jioni. Mwaka wake wa kumi na nane kazini alikuwa anachora mto mmoja mkubwa, kazi ya siku ishirini na mbili. Alikuwa amebakiza kidole kimoja kufika baharini. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa. Akaishika. Kikohozi kikampiga katikati ya mstari, kalamu ikaruka, na tone la wino likaanguka likatanuka.

"Mto ule," alikuwa akisimulia baadaye, "ukapata ziwa ambalo Mungu hakuliumba."

Wenzake walicheka. Naye alicheka. Kisha akaenda chooni akalia, kwa sababu haikuwa mara ya kwanza, na pumzi ile aliyoachiwa na baba yake haikuwa ikishikika tena.

Alikwenda hospitali. Alipigwa picha ya kifua. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa umri, mwenye sauti ya upole. Aliinua picha kwenye mwanga, akauliza bila kugeuka, "Unavuta sigara ngapi kwa siku?"

"Hata moja."

"Uliacha lini?"

"Sijaanza, dada yangu, niache nini?"

Daktari akageuka. Akashusha picha. "Nyumbani kuna mvutaji?"

"Hakuna."

"Kazini?"

Mama Mstari akainua mikono. Halafu akahesabu kwa vidole, mpaka saba.

"Basi," daktari akasema, "unavuta. Hununui tu."

Akamweleza. Kwamba moshi wa sigara ya mtu mwingine una sumu ile ile. Kwamba haujali nani ameshika kiberiti. Kwamba kwenye chumba kilichofungwa unazunguka, unarudi, unaingia kwa kila mwenye pua. Kwamba njia zake za hewa zimeshakuwa nyembamba, na dawa zitamsaidia, lakini dawa ya kwanza ni kutoka kwenye moshi ule, au moshi utoke.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo wengi wetu tungeomba uhamisho. Tungeandika barua ya unyenyekevu, tungehamia stoo ya mafaili, mambo yakaisha. Binti yake aliniambia kwamba mama yake alitembea kutoka hospitali mpaka nyumbani kwa miguu, safari ya saa nzima, akisimama kila kona kupumua. Alipofika alimwambia mumewe jambo moja. "Chumba kile ni changu pia. Nikitoka mimi, moshi utakuwa umeshinda kesi ambayo haikusikilizwa."

Kesho yake alisimama katikati ya chumba, akawaambia wote ukweli wa daktari. Aliwaomba. Alisema jamani, ndugu zangu, mvute, lakini mvutie nje.

Mzee Kiko alitoa kiko mdomoni. "Binti yangu, mimi navuta tangu hujazaliwa. Unaniona nimekufa?"

"Nakusikia unavyopanda ngazi, mzee."

Chumba kikacheka, lakini hakuna aliyezima. Mmoja akasema asiyetaka moshi akachunge mbuzi. Ndipo alipokwenda kwenye dirisha lililo karibu na meza yake, akalifungua. Upepo ukaingia. Karatasi zikaruka kama kuku waliotupiwa jiwe. Kelele zikapanda. Dirisha likafungwa. Siku ya pili akalifungua tena, safari hii kidogo tu, kiasi cha ngumi, na akawa amewaletea wenzake wote mawe ya kukandamizia karatasi, mawe safi, ameyaosha mwenyewe. Likafungwa. Siku ya tatu alipofika, dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari. Misumari sita.

Hakuuliza nani. Aliweka mkoba wake chini. Akaenda kwa mafundi wa ghala, akaazima nyundo yenye makucha na koleo. Akarudi. Akapanda juu ya kiti. Watu wazima saba walikaa wakamtazama aking'oa msumari mmoja mmoja, anang'oa, anapumzika, anakohoa, anang'oa. Hakuna aliyemsaidia. Hakuna aliyethubutu kumzuia pia. Alipomaliza alikusanya misumari yote sita, akaipanga mstari mmoja kwenye meza ya Mzee Kiko.

"Mali ya ofisi," akasema. "Isije ikapotea."

Kisha akaburuta meza yake mpaka kibarazani. Meza ya kuchorea ramani ni nzito, wasikilizaji wapendwa. Inabebwa na wanaume wawili. Yeye aliiburuta peke yake, na miguu ya meza ilipiga kelele iliyosikika mpaka kwa mkurugenzi. Akakaa nje, akachora huko huko, karatasi imekandamizwa na mawe pembe zote nne. Mvua ikija anasogea ukutani. Jua likija anahamia upande wa pili. Wakubwa waliopita walimsalimu kwa mashaka, kama mtu anayesalimia mgonjwa asiyemjua.

Barua ya onyo ikaja. Ilisema ameacha kituo chake cha kazi bila ruhusa. Aliijibu siku hiyo hiyo, kwa herufi za ramani, kwa wino mweusi, pambizo zimenyooka. Nimeiona barua hiyo. Ina sentensi mbili. "Kituo changu cha kazi ni karatasi, nami niko juu yake. Mkinitaka ndani, toeni kilichonitoa."

Alikaa kibarazani miezi mitano. Miezi mitano mizima. Na huenda angestaafia huko kama si rangi ya ukuta.

Ilitokea hivi. Kwenye ukuta wa chumba kile ilikuwa imetundikwa ramani kubwa ya zamani, yenye fremu. Siku moja ikatolewa ikafanyiwe matengenezo. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweupe. Mweupe kama maziwa. Na pembeni yake, chumba kizima, ulikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Watu walikuwa wamedhani ukuta ule ulipakwa rangi ya kahawia. Haukupakwa. Ulivutishwa.

Mkurugenzi akaona aibu, akamwita fundi mpaka rangi. Mpaka rangi hawezi kupaka juu ya uchafu, kwa hiyo akaanza kwa kuosha. Ndoo ya kwanza ya maji ikatoka nyeusi ya hudhurungi, inanata, inanuka. Mama Mstari alikuwa mlangoni anatazama. Akamwambia mpaka rangi, "Kaka, hayo maji usiyamwage. Nijazie hapa." Akampa chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya matunda ya kusindika.

Ijumaa hiyo kulikuwa na kikao cha wafanyakazi wote. Mkurugenzi alikaa mbele, na mezani kulikuwa na bilauri na maji ya kunywa, kama ilivyo ada ya vikao. Ajenda ya tatu ilikuwa nidhamu, na nidhamu maana yake ilikuwa yeye. Akaitwa ajieleze. Akasimama na chupa yake. Akaenda mpaka mbele. Akachukua bilauri ya mkurugenzi, akaimiminia maji yale, akamsogezea kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Karibu, mheshimiwa. Kunywa."

Mkurugenzi akarudisha kiti nyuma. "Nini hii?"

"Ni ukuta wetu."

"Mama, unataka ninywe uchafu?"

"Hutaki?"

"Nani atakunywa kitu kama hiki!"

"Mimi," akasema. "Mimi nimekunywa kwa pua miaka kumi na tisa, na mwanangu nimemnywesha akiwa tumboni. Hamkuniuliza kama nataka. Mmeosha ukuta kwa sabuni, na ukuta umetakata. Sasa niambieni, mapafu yangu mtayaosha kwa kitu gani?"

Aliyeniambia haya alikuwa karani wa kumbukumbu za kikao, na yeye mwenyewe alikuwa mvutaji. Aliniambia kalamu ilimshinda. Kwenye kitabu chake cha kumbukumbu, ajenda ya tatu ina mstari mmoja tu: "Mjumbe alieleza. Kikao kilikaa kimya."

Jumatatu iliyofuata tangazo likabandikwa. Hakuna kuvuta ndani ya vyumba vya kazi. Wavutaji wakajengewa kibanda nyuma ya ghala. Meza ya Mama Mstari ikarudishwa ndani, na safari hii ilibebwa na wanaume wawili.

Natamani niwaambie kwamba alishangiliwa. Hakushangiliwa. Wenzake wanne hawakumsemesha kwa mwaka mzima. Chai ikichemshwa, kikombe chake kilisahaulika. Mzee Kiko alipostaafu, yeye ndiye aliyekuwa na mkono bora kuliko wote, lakini ukuu wa chumba alipewa mtu aliyeajiriwa miaka saba nyuma yake. Alipoulizwa kama anajuta, alisema, "Cheo nilikikosa. Hewa nimeipata. Na waliokosa kunisalimia wanaipumua hiyo hiyo, bure."

Mzee Kiko aliugua miaka miwili baada ya kustaafu. Ilikuwa saratani ya koo. Mama Mstari alikwenda kumwona, na mzee, sauti imebaki kama karatasi inayokunjwa, akamwomba kiberiti. Akakataa. Mzee akaomba tena. Akakataa tena. Wakacheka wote wawili, mmoja bila sauti na mwingine bila pumzi.

Halafu mzee akasema, "Binti yangu, tumbaku siijutii. Mwanaume akubali deni la starehe yake. Misumari ndiyo ninayoijutia."

Hapo ndipo alipojua nani alipiga misumari ile.

"Nilijua ni wewe, mzee," akamwambia, ingawa hakujua. "Ilikuwa imenyooka mno."

Mapafu yake hayakurudi. Hewa safi ilimwongezea miaka, lakini kilichokuwa kimeharibika kilikuwa kimeharibika. Akiwa na miaka hamsini na mmoja, baada ya miaka thelathini ya kazi, hakuweza tena kupanda ngazi za ghorofa ya pili. Akaomba kustaafu mapema. Afisa utumishi akampa fomu. Palipoandikwa "sababu za kustaafu," akaandika: moshi wa chumba cha kazi.

Fomu ikarudi. Akaandika tena vile vile. Ikarudi mara ya pili, ikarudi mara ya tatu. Afisa akamwita. "Mama yangu, andika tu 'sababu binafsi', upumzike. Mbona unajitesa?"

"Mapafu ni yangu binafsi, mwanangu," akamjibu. "Moshi haukuwa wangu."

Mara ya nne fomu haikurudi. Imo kwenye faili lake mpaka leo. Moshi wa chumba cha kazi. Hayo ni maneno matano, wasikilizaji wapendwa, na kila moja alilipigania.

Miaka ya mwisho aliishi na mtungi wa oksijeni. Mumewe aliuundia kigari cha magurudumu mawili, kikawa kinamfuata kila aendako kama mbuzi wa kufugwa. Mwaka jana ndipo saratani ilipoonekana. Wengine wangelala. Yeye alikuwa na jambo moja halijaisha.

Binti yake, yule aliyezaliwa kilo mbili kasoro, anafanya kazi kwenye duka la kuchapisha. Ni chumba chembamba, mlango unafungwa kwa sababu ya vumbi la barabarani. Na binti huyo ni mjamzito. Miezi miwili iliyopita alipita kumsalimia mama yake, akainama kumbusu. Mama akanusa kitambaa chake cha kichwa. Akamshika mkono.

"Nani anavuta kazini kwenu?"

"Mama, acha. Ni mwenye duka. Nitasema nini? Nikisema atanifukuza."

"Akufukuze. Kazi nyingine utapata. Mapafu mengine hawauzi."

Kesho yake, saa tano asubuhi, mlango wa duka lile ulifunguliwa, akaingia mama mmoja aliyekonda, na mrija puani, na nyuma yake mzee mmoja mpole anasukuma mtungi. Mwenye duka alikuwa amekaa na wateja wawili, sigara tatu zinawaka.

"Shikamoo, mama," mwenye duka akasema. "Karibu ukae."

"Marahaba. Sitakaa. Mtungi wangu hauelewani na sigara zenu."

"Usijali mama, moshi hautakufikia huko mlangoni."

"Sijasema moshi, mwanangu. Nimesema mtungi. Hii ni oksijeni. Muulize hata mtoto wa shule: moto na oksijeni zikikutana hazisalimiani."

Mteja wa kwanza alitoka mbio mlangoni. Wa pili, binti yake anaapa, aliruka nje kupitia dirishani. Mwenye duka aliitumbukiza sigara yake kwenye kikombe chake cha chai.

"Mama! Ungetuua!"

"Ndiyo," akasema. "Umeiona hofu hiyo uliyoipata sasa hivi? Hicho ndicho kifo kikija kwa haraka. Mimi chumba changu kilinijia polepole, miaka kumi na tisa, na hakuna aliyeruka kutoka kwenye kiti. Huyu hapa ni mwanangu. Tumboni mwake yumo mjukuu wangu. Ukitaka kuvuta, barabara ni pana. Na kesho nitakuja tena kuangalia. Nimestaafu, sina haraka."

Walipofika nje, fundi wa saa alimwuliza mkewe kama amechoka. Akasema hajawahi kujisikia vizuri hivyo kwa miaka kumi. Na fundi wa saa ameniruhusu niwaambie siri moja. Mtungi ule ulikuwa mtupu. Mshale wake ulikuwa kwenye sifuri. Waliuchagua kwa makusudi, kwa sababu asingeweza kumpelekea mwanawe hatari ya kweli, na alijua anaweza kukaa bila hewa ya mtungi kwa nusu saa. Aliitumia nusu saa hiyo.

Alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Alikwenda siku tisa. Siku ya kumi mwenye duka mwenyewe alikuja nyumbani, akasema, "Mama pumzika. Nimeweka kiti nje. Navutia huko, na wateja wangu wanavutia huko." Binti bado yuko kazini. Hakufukuzwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho.

Siku moja kabla hajafa, binti yake alimwuliza kama amewasamehe wale wa chumba cha ramani. Kila neno lilikuwa na bei ya pumzi, akayachagua machache. Akasema, "Watu niliwasamehe zamani. Ile sheria ya dirisha, hapana. Usiisamehe na wewe."

Jumamosi alizikwa. Watu walikuwa wengi, wengine wazee wa ofisi ile. Wakati wa kushusha jeneza, mtu mmoja aliyesimama nyuma, si kwa ubaya, kwa mazoea tu, aliwasha sigara. Fundi wa saa, ambaye mtaa mzima haujawahi kumsikia akipandisha sauti, alitoka kando ya kaburi la mkewe. Akapita katikati ya watu mpaka kwa yule mtu. Akamwambia, "Hapana, ndugu yangu. Leo hasa, hapana." Yule mtu akazima. Fundi akarudi, akashika koleo la udongo, mazishi yakaendelea.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu wote hapa kituoni, tunatoa pole kwa fundi wa saa, mume wa marehemu. Pole kwa binti yake. Pole kwa mama mkwe, ambaye yu hai, na pua yake bado ni kali. Pole kwa wachora ramani wote waliobaki, waliomsemesha na wasiomsemesha. Mungu amlaze mahali pema.

Na sasa nageukia kwako unayenisikiliza ukiwa ofisini, gereji, jikoni, dukani, kwenye lori, kwenye chumba cha walinzi. Tazama kulia kwako. Tazama kushoto. Nani hapo anapumua moshi usio wake? Kama ni wewe, usione haya kusema. Kama ni mwenzako anayeogopa, sema kwa niaba yake. Tuliambiwa asiyetaka moshi atoke. Mwanamke huyu alikataa, akakataa, akakataa mpaka pumzi ya mwisho. Anayetakiwa kutoka ni moshi.

Na wewe uliyeshika sigara mezani huku unanisikiliza, nakuheshimu, wewe ni ndugu yetu. Nyanyuka, toka nayo nje. Sasa hivi. Hawa wenzako wataongeza sauti ya redio, utatusikia huko huko uliko.